Usizifanye kuni mbao za nyumba ya baba

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, nimestaafu Juni nikiwa na miaka 60, naishi Muheza. Mimi na ndugu zangu tumebomoa nyumba ya marehemu baba iliyokuwa Pangani, na lundo la mbao bado liko kule: mlango mzito wa mbao nyekundu uliopakwa rangi ya mafuta, fremu za madirisha, boriti, shiti za dari. Hapa nyumbani kijana wa jirani anayefanya kazi bohari kaniletea mapaleti sita. Tangu utotoni napenda harufu ya mbao inayopigwa randa, ila enzi zetu msichana hakupelekwa kwa seremala. Nataka kujifunza, si kwa biashara, kwa kujifurahisha tu. Mwanangu yuko tayari kuninunulia mashine ya kupasulia mbao. Nianze na nini? Na mbao hizi kuukuu zinafaa, au niwape watu wakafanye kuni?"

Marahaba, dada yangu. Pole kwa nyumba ya baba.

Nianze na kuni, maana hilo ndilo lenye haraka. Watu wakiona lundo la mbao kwenye kiwanja kilichobomolewa hawaulizi mwenyewe ni nani. Usimpe mtu. Mbao iliyokaa mlangoni miaka 50 au 60 imekwisha kufanya utundu wake wote: iliyotaka kupinda imepinda, iliyotaka kupasuka imepasuka, maji yake yalishatoka zamani. Nenda leo ukanunue misindano iliyopasuliwa wiki iliyopita Mufindi. Ukiishika unasikia ubaridi wa maji kiganjani. Unatengeneza meza nzuri, watu wanaisifu, na baada ya miezi mitatu uso wa meza umeachana katikati kiasi cha kupitisha shilingi. Mafundi wengi wa mitaani hulaumiwa kwa kosa ambalo ni la mbao mbichi. Wewe mbao kavu unayo bure, tena huenda ni ya miti ambayo siku hizi ukiitajia bei dukani unaomba kiti ukae.

Nasema huenda kwa sababu "nyekundu nzito" inaweza kuwa mambo matatu. Tafuta sehemu ya mlango isiyo na rangi, kwa kawaida ukingo wa juu ambao mpaka rangi hakuufikia, ukwangue kwa kipande cha kioo kilichovunjika mpaka upate mbao safi. Ikiwa ni ya kahawia inayoelekea dhahabu, ina mguso kama wa mafuta, huo ni mvule. Ikiwa nyekundu ya udongo yenye michirizi myeusimyeusi na si nzito kupita kiasi, ni mninga, ule ambao mti wake ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Na ikiwa nzito ya kukuvunja mgongo, ngumu, kahawia nyekundu iliyokolea, hiyo ni mbambakofi, ambayo bara wanaiita mkongo. Kwa mlango wa Pangani wa zamani, mimi ningeanza na hii ya tatu. Zote tatu ni mbao za heshima. Mvule una kasoro moja ya kujua: mara nyingine hubeba ndani vijiwe vya chokaa ambavyo mti wenyewe uliviunda. Unapiga randa vizuri, ghafla randa inalia, ukitazama makali yamepata pengo. Ukikutana nalo usijilaumu.

Boriti ni za mikoko, na kama nyumba ilikuwa ya mawe utaona hazizidi sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti. Usijaribu kuzipasua ziwe mbao. Zitakula msumeno wako. Ziache ziwe fito za mviringo, miguu ya viti, nguzo za rafu.

Kabla hujazileta Muheza, nenda serikali ya mtaa kule Pangani uandikiwe barua kwamba mbao zimetoka kwenye nyumba iliyobomolewa, kisha pita ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, waulize wanataka nini. Kusafirisha mazao ya misitu barabarani kunahitaji hati, na kijana wa geti la ukaguzi hana jinsi ya kujua kwamba mlango wako una umri kumshinda yeye. Ni heri nusu siku ya kuzunguka na karatasi kuliko kubishana juani huku mzigo umeshushwa.

Sasa vitu vya kuogopa, na hapa nazungumza na muuguzi kwa hiyo sitazunguka. Hizo shiti za dari: kama ni ngumu, za kijivu, zinafanana na saruji iliyopigwa bapa, usizikate, usizivunje, usizifagie. Dari na mapaa ya zamani ya namna hiyo yalitengenezwa kwa asbesto, na unajua vumbi lake linavyoharibu mapafu. Waulize watu wa mazingira wa halmashauri namna ya kuziondoa. Rangi ya mafuta ya mlango, kwa umri ule, ichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Usiipige msasa kavu. Itoe kwa dawa ya kulainisha rangi au ikwangue ikiwa imeloweshwa, nje, juu ya nailoni, wajukuu wakiwa mbali, na mabaki uyakunje pamoja na nailoni hiyo. Mbao yoyote yenye kijanikijani cha dawa, au kipande cha nguzo ya umeme ambacho msamaria mwema atakuletea (wataleta, wakishasikia tu unakusanya mbao), ikatae. Hiyo haifai fanicha wala haifai jikoni kama kuni. Moshi wake ni sumu.

Mapaleti yana muhuri uliochomwa ubavuni, wenye alama ya suke la ngano. Humo mna herufi mbili za nchi paleti lilikotibiwa, namba, kisha herufi za namna ilivyotibiwa. HT maana yake imepashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 ili kuua wadudu, hiyo chukua. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, hiyo rudisha. Isiyo na muhuri wowote inaweza kuwa nzima, lakini usiitumie kwa kitu cha jikoni wala kitanda cha mtoto. Halafu inuse. Paleti hubeba mchele leo na dawa ya kuulia wadudu kesho, na lenye doa la mafuta lisilokauka au harufu inayopanda puani, liache hata kama muhuri wake ni mzuri. Na umuulize huyo kijana, kwa upole, kama bohari wanajua yametoka. Mengine, hasa yaliyopakwa rangi moja yote, ni mali ya kampuni inayoyakodisha.

Twende kwa mwanao. Mwambie mama anashukuru, ila pesa ya mashine anunue vitu vingine. Nina sababu.

Mwaka 1988 nilikuwa kibarua kwenye karakana moja Keko. Tuliletewa masanduku ya mbao yaliyokuja na vipuri, tuyapasue tutengeneze makabati. Nilikagua mbao yangu kwa macho nikaona misumari imekwisha. Kumbe mmoja ulikatika kichwa miaka mingi nyuma, mwili umebaki ndani, mbao imeufunika. Msumeno wa mashine ulipougusa ulitoa mlio mmoja tu, mbao ikarudi nyuma kwa nguvu, mkono wangu wa kushoto ukafuata msumeno. Kidole cha shahada cha mkono huo ni kifupi kwa kiasi cha ukucha hadi leo. Muuguzi aliyenishona wala hakunipa pole. Aliniuliza nilikuwa na haraka ya kwenda wapi. Nimekaa na swali hilo miaka yote hii na bado sina jibu.

Mbao kuukuu na mashine ya kupasulia havipatani mpaka uwe na uzoefu. Msumeno wa mkono ukigonga msumari, utajua: unasikia ukwaruzo, unasimama, unapoteza meno mawili ya msumeno na dakika tano za kusikitika. Basi. Kwa umri wetu tunaweza kumudu hasara hiyo.

Kwa hiyo mwanao anunue msumeno wa mkono mmoja mzuri, randa ya chuma ya wastani, patasi mbili (ya milimita 12 na ya 25), nyundo, koleo, mtaimbo mdogo wa kung'olea misumari, tepu, guni ya kupimia pembe mraba, na klampu mbili za kubania mbao. Keekee ya mkono au drili ndogo ya betri, chochote kati ya hivyo. Kitu cha kunolea nitakieleza. Vilivyotumika si vibaya. Randa ya chuma ya mzee aliyefariki, ikisuguliwa kutu, hushinda mpya ya bei rahisi. Na miwani ya kukinga macho, hata kama tayari unavaa ya kusomea.

Mwezi wako wa kwanza utakuwa wa misumari. Watu huona hii ni kazi ya kabla ya kazi. Mimi naona ndiyo darasa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo unajifunza mbao imeungwaje, nyuzi zake zinaelekea wapi, inapasukia wapi. Kwa mbao za nyumba: piga ncha ya msumari kutoka upande wa pili mpaka kichwa kiinuke, ukikamate kwa mtaimbo, na chini ya mtaimbo uweke kibao chembamba ili usiache kovu na ili upate nguvu zaidi. Vuta kidogo, sogeza kibao, vuta tena. Msumari wa kutu usioinuka upige kwanza uzame kidogo. Ule mshiko wa kutu ukivunjika utatoka wenyewe.

Mapaleti ni habari nyingine. Misumari yake ina meno ubavuni ili isitoke, na ukilazimisha, ubao ndio utapasuka. Usiing'oe. Chukua jani la msumeno wa chuma, lipitishe kati ya ubao na gogo linaloubeba, ukate misumari humohumo. Ubao utatoka mzima, na vile vichwa vilivyobaki utavisukuma kutoka nyuma kwa msumari mnene. Ukiharibu mbao mbili za kwanza ni kawaida. Za tatu hazitaharibika.

Halafu kagua kwa sumaku. Ng'oa sumaku kutoka kwenye spika ya redio mbovu, ifunge kwenye uzi, iburute taratibu juu ya uso wa kila mbao, pande zote mbili na ubavuni. Pale itakapoganda, weka alama ya chaki. Hii ingeniokolea kidole.

Mbao zilizosafishwa zipange mahali penye kivuli na hewa, ziinuliwe kutoka ardhini juu ya matofali ili kuepuka mchwa, na kati ya tabaka na tabaka uweke vijiti vya unene mmoja. Ziache wiki tatu nne zizoee hewa ya Muheza. Katika muda huo tazama chini yake kila asubuhi. Ukikuta unga laini kama poda, kuna bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaoishi humo, na hiyo mbao itoe haraka kabla hawajahamia kwa jirani. Matundu matupu yasiyotoa unga ni ya bungua waliokwisha kuondoka; hayana neno, na mimi huyapenda.

Sasa kunoa. Hapa wewe umenitangulia, maana umeshika vyenye makali miaka 35 na unajua kwamba makali butu ndiyo yanayokata mtu vibaya. Randa na patasi mpya hazina makali zinapotoka dukani, hata kama zinang'aa. Kama hupati jiwe zuri la kunolea, nunua msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi magari, namba 400, 800 na 1200, uubandike kwa maji juu ya kipande cha kioo kinene. Anza na mgongo wa patasi: ulaze bapa kabisa, usugue mpaka karibu na ncha pang'ae kama kioo. Kisha geuza upande wenye mlalo, uushikilie kwenye pembe ya nyuzi 25 hadi 30, vuta kuelekea kwako, usisukume. Baada ya muda, ukipitisha kidole taratibu mgongoni utasikia kama unywele wa chuma umejitokeza ukingoni. Hiyo ndiyo dalili. Panda namba ya msasa, rudia, mwisho laza mgongo tena mara mbili tatu unywele ukatike.

Kupima, usitumie kidole. Chukua kipande cha msindano, ukate kwa patasi kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa. Patasi butu itaponda na kuacha unga mweupe. Iliyonolewa itaacha uso laini unaong'aa. Siku randa yako itakapotoa utepe mmoja wa mbao, mrefu, mwembamba, unaojikunja na kuanguka mguuni bila kukatika, ile harufu ya utotoni utaipata yote. Wakati huo zima redio.

Kitu cha kwanza cha kutengeneza kisitokane na mlango. Naomba sana. Mlango uache. Kwanza tengeneza benchi la kazi kwa yale mapaleti, liwe baya, liwe zito. Kimo chake: simama wima, mikono ining'inie, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Wauguzi wengi mnastaafu na migongo iliyoumia kwa kuinua wagonjwa, na benchi fupi litakumalizia huo uliobaki. Saa mbili za asubuhi kabla ya jua zinatosha kwa siku.

Kitu cha pili ni mbuzi ya nazi. Natabasamu nikiandika, lakini sikutanii. Mbuzi ya kukunja ina mbao mbili tu, ya kukalia na ya mguu, zinazopishana kama mkasi, moja ikipita ndani ya tundu la mwenzake. Kulichonga tundu hilo kwa patasi, pande zake zikiwa wima, ndilo somo kubwa kuliko yote katika useremala. Meza, kitanda na mlango vyote vinasimama kwa tundu na ulimi unaoingia humo. Tumia fremu ya dirisha. Chora mistari kwa guni pande zote mbili za mbao, toboa matundu madogo katikati kwa drili kupunguza nyama, halafu chonga ukitokea katikati kwenda kwenye mstari, nusu ya kina kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili. Ukichonga kutoka upande mmoja tu utapasua mdomo wa upande wa kutokea. Ulimi wa chuma wenye meno utaununua sokoni au utamwagiza mhunzi. Mbuzi ya kwanza itayumba. Ya pili utampa binti yako. Ya tatu nadhani hutaitoa.

Kitu kinachogusa chakula usikipake vanishi. Kuna dawa unayoifahamu vizuri: parafini ya maji, ile ya wagonjwa wenye choo kigumu, inayouzwa duka la dawa. Hiyohiyo ndiyo wanayopaka watu vibao vya kukatia mboga. Haiozi, haina harufu, haidhuru. Usidhani tu kuwa ndiyo mafuta ya taa. Kwa viti na meza tumia mafuta ya kitani, lakini kitambaa ulichopakia usikiviringe ukakitupa pembeni. Kinapokauka hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto usiku. Kitandaze nje kwenye kamba, au kitumbukize kwenye maji.

Kuhusu vumbi nitasema mara moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na vumbi la mvule huwawasha watu ngozi na kuwabana kifua. Barakoa ile nzuri uliyokuwa ukivaa wodi ya kifua kikuu, ivae unapopiga msasa. Randa na patasi zinatoa vipande, si vumbi, nayo ni sababu nyingine ya kuiacha mashine dukani. Maranda ya mbao safi wape majirani wanaofuga kuku.

Mwalimu utamhitaji. Vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi za useremala, kaulize kama kuna fupi inayokufaa, ila mimi ningetafuta fundi mtu mzima hapo Muheza, anayefanya kazi kwa mkono, nikamwomba nikae kwake asubuhi mbili kwa wiki, kwa malipo. Chagua ambaye patasi zake zinakata na karakana yake imefagiliwa. Mengine hayana maana. Vijana wake watacheka siku ya kwanza kumwona bibi na randa. Mmoja wao atajikata kabla ya mwezi kwisha, utamfunga jeraha, na kicheko kitaishia hapo.

Mlango ulaze ndani, bapa, juu ya vijiti vitatu, na komeo lake lisitolewe. Usiutoe rangi bado. Ukimaliza mbuzi ya tatu niandikie tena, unipe urefu wake, upana, unene, umeungwa kwa misumari au kwa ndimi, na kama kuna nakshi chini ya rangi. Ukiona alama za ndimi pembeni, piga picha kabla hujagusa chochote.